Naomba ushauri: nibakishe pedali gani kwa shoo za Disemba?

Solo wa Kondele
Wadau, habari zenu. Mimi hupiga gitaa la solo. Bendi yetu iko Kisumu na kazi zetu ni benga na rumba: harusi, matanga, baa wikendi. Shida yangu ni mzigo. Ubao wangu una pedali nane, vile vidude vya kukanyaga vya kubadilisha mlio wa gitaa: ya kutyuni, kompresa, waa, ovadraivu mbili za kukwaruza sauti, korasi ya kuinenepesha, delei ya kuirudiarudia na ya mwangwi. Kufunga kila kitu hadi sauti itoke ni kama dakika arobaini. Mpiga besi huchomeka waya mmoja akaenda kutafuta chai. Mwimbaji wetu ameanza kunung'unika, na Disemba tarehe zimejaa. Nataka mzigo ambao mtu mmoja anabeba bila kuomba msaada. Nibakishe gani, niache gani nyumbani? Gitaa siuzi, hilo tusiliguse. Asanteni.

Kakamega Kaskazini
Ya kutyuni na delei. Zingine weka chini ya kitanda. Solo ya benga inataka sauti safi yenye ncha, kila uzi usikike peke yake. Ukiijaza mafuta ya ovadraivu inakuwa uji, na wale waliokuja kucheza wanarudi kwenye viti.

Mzee Zilipendwa
Kijana, miaka ya themanini tulikuwa tunapiga Nakuru, kwa hoteli moja karibu na steji. Magitaa matatu, ampu moja ya kukuza sauti, pedali hakuna. Nyatiti ina nyuzi 8 na haijawahi kuwa na pedali, na watu wanaicheza mpaka jua linachomoza. Sauti iko kwa vidole. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi gizani, taa imezimwa, ili mkono ujue shingo ya gitaa bila macho. Mama watoto wangu nilimpatia pale pale, alikuwa anauza samaki wa kukaanga mlangoni, na mpaka leo ananiambia hakunipendea sura, alinipendea ridhim. Vijana wa siku hizi mnanunua milio badala ya kukaa na gitaa.

Solo wa Kondele
Mzee wangu, heshima zako. Vidole ninafanyia kazi kila siku. Lakini mwenye harusi akiniitisha rumba ya Kikongo, bila delei ile solo inasikika kavu. Ninaomba tu kujua za kupunguza.

Nyar Ahero
Kaka, mimi hupiga besi kanisani. Hesabu waya zako. Pedali nane ni vipande tisa vya waya wa sauti kutoka gitaa hadi ampu, na hapo hujahesabu vya stima. Kimoja kikilegea unanyamaza. Ilitupata ibada ya pili: mchungaji amesimama, kwaya imesimama, sisi tuko magotini tunatikisa waya mmoja mmoja kumtafuta mbaya. Tangu siku hiyo mpiga solo wetu anakuja na pedali mbili na waya mmoja wa akiba mfukoni. Sasa niambie: pedali zako zinapata stima wapi? Unatumia ampu gani? Na unasafiri na nini?

Solo wa Kondele
Dada, stima ni adapta moja ya volti 9 inayogawanywa kwa mnyororo, na inavuma kidogo. Ampu ni Roland JC-120. Zamani bendi ilikuwa na gari. Halipo tena, kwa hivyo ni matatu, halafu boda.

Fundi Mitambo
Sasa tumefika. Ndugu, JC-120 ina kilo 28. Ubao wako wote na pedali zake haufiki nusu ya hapo. Unapunguza kamba ilhali gunia liko mgongoni. Hiyo ampu inatengenezwa tangu 1975, ina spika mbili za inchi 12, wati 60 kila upande, na korasi yake ya ndani ndiyo iliyoipa jina, Jazz Chorus. Mwangwi pia umo. Kwa hivyo pedali ya korasi na ya mwangwi ziache leo, unabeba vitu ambavyo tayari unavyo. Kuhusu mvumo, delei za dijitali zikishiriki mnyororo mmoja na ovadraivu za kizamani huleta kelele, kwa hivyo ukipunguza pedali mvumo nao huenda ukapungua. Jukwaani mna monita, spika ya kuwaangalia nyinyi wapigaji?

Solo wa Kondele
Monita hatuna. Tunakodisha spika mbili na zinaangalia watu. Mimi hujisikia kwa ampu yangu. Hata hivyo nilikuwa nafikiria kuachana na ampu kabisa, nitumie Boss GT-1, kile kiboksi kimoja chenye milio mingi ya pedali, niingie moja kwa moja kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti za bendi. Ina kilo 1.3, inakula betri nne za AA, na ya kutyuni iko ndani yake.

Nyar Ahero
"Nilikuwa nafikiria" ama umeshaamua?

Solo wa Kondele
Kuna mtu wa Eldoret amelipa nusu. Anakuja kuchukua ampu Ijumaa. GT-1 ninayo tayari, nimeipata kwa mtu. Ndiyo maana nauliza pedali tu. Mambo ya ampu yamekwisha, na sioni ubaya. Mgongo ni wangu.

Kakamega Kaskazini
Subiri. Bendi ya benga haikosi gitaa la pili. Huyo mwenzako anachomeka wapi?

Solo wa Kondele
Kwa ampu hiyo hiyo. Ina chaneli mbili.

Kakamega Kaskazini
Na anajua imeuzwa?

Solo wa Kondele
Bado. Ni kijana mdogo, atajipanga. Ampu niliinunua mimi, hakuna shilingi ya mtu mwingine ndani. Mbona tumeacha pedali?

Nyar Ahero
Kwa sababu ukiuza ampu unauza masikio ya watu wawili. Wewe na huyo kijana mtapiga bila kujisikia. Solo na ridhim za benga zinaongea: mmoja anauliza, mwingine anajibu. Msiposikizana mwanzoni mwa ile sehemu ya kukolea, kila mtu ataanza kwa wakati wake.

Boda Busia
Mimi nitaongea la barabarani. Mtu akileta spika kubwa naisimamisha wima kwa keria, naifunga kwa mpira wa tairi, naacha mkanda mmoja uzunguke kiunoni mwangu. Usikubali ilazwe. Na ulipe mizigo, wasanii mnapenda kusema ni gitaa tu.

Shahidi
Samahani, mimi siamini huu uzi. Angalieni: ameanza na pedali. Akaulizwa, ikatokea ampu. Akaulizwa tena, ikatokea mnunuzi. Akaulizwa tena, ikatokea kijana. Ampu inatajwa kwa jina na namba yake, mnunuzi "amelipa nusu", Disemba inakaribia. Hilo ni tangazo la biashara. Kesho atasema mnunuzi ameghairi, ataweka bei. Na mtu mwenye JC-120 haipandishi boda.

Mzee Zilipendwa
Hata mimi nilishangaa. Kijana asiyejibu kuhusu vidole ana lake jambo.

Boda Busia
Hilo la boda nalikataa. Nimebeba friji kutoka Busia mjini hadi Nambale, na ng'ombe mdogo. Kilo 28 si kitu.

Solo wa Kondele
Sijataja bei popote na sitaitaja. Nimekuja hapa kwa sababu nimechoka kufika kazini nikiwa nimechoka. Ukitaka kunipima, nipime.

Shahidi
Sawa. Huyo kijana yuko chaneli gani, na kwa nini? Halafu kibandiko cha nyuma kimeandikwa volti ngapi?

Solo wa Kondele
Yuko chaneli ya kwanza. Haina korasi wala mwangwi, ni besi, midi, trebo na ile swichi ya kung'arisha. Mimi niko ya pili kwa sababu ndiyo yenye korasi, mwangwi na kile kitufe cha kukwaruza ambacho sigusi. Kibandiko kinasema volti 100. Ilitoka Japani imetumika. Naiendesha na transfoma ya kushusha stima.

Fundi Mitambo
Transfoma! Na hukuitaja. Plagi ya ampu ina meno mangapi?

Solo wa Kondele
Mawili. Lakini imefanya kazi vizuri miaka yote.

Fundi Mitambo
Jibu hili kwa ukweli wote. Ukiwa umeshika nyuzi na mdomo ukagusa maiki, unahisi nini?

Solo wa Kondele
Huuma midomo kidogo. Si kila mahali, zaidi tukiwa kwa jenereta. Nimeweka sponji kwenye maiki na siku hizi siimbi kiitikio, namwachia kijana. Sikuona inahusiana na pedali.

Nyar Ahero
Unamwachia kijana? Na yeye amechomeka kwa ampu hiyo hiyo?

Fundi Mitambo
Jameni tusimame hapa. Ndugu, achana na pedali kwanza. Stima yetu ni volti 240. Transfoma nyingi hizi za bei nafuu zinashusha volti lakini hazitenganishi ampu na laini, na plagi ya meno mawili haina waya wa ardhi, ule wa kupeleka stima iliyovuja ardhini. Stima ikivuja ndani ya ampu inakaa kwenye bati lake, inapita kwa waya wa gitaa hadi kwenye nyuzi. Maiki nayo imeungwa na miksa iliyo kwenye ardhi. Mkono uko kwa nyuzi, mdomo uko kwa maiki, wewe ndiye njia. Leo inauma midomo. Siku nyasi zina maji na jenereta imefungwa ovyo, inashika mkono na haiachi. Sponji inakuficha tu usiione. Usiiwashe tena hiyo ampu mpaka fundi wa stima anayejua kazi aifungue, aweke waya wa nyuzi tatu, ardhi ifungwe kwenye bati, na transfoma yenyewe ipitishe ardhi.

Kakamega Kaskazini
Kuna jamaa aliwahi kuniambia mvumo unakwisha ukivunja lile jino la ardhi kwenye plagi.

Fundi Mitambo
Huyo jamaa atazika mtu. Jino la ardhi la stima halivunjwi, hata kama spika zinavuma kama nyuki. Ukitaka kukata mvumo, nunua boksi la DI, lile la kuunga gitaa na miksa, lenye swichi ya kuachia ardhi ya waya wa sauti. Hiyo ni ya sauti peke yake. Ya stima inabaki pale ilipo.

Solo wa Kondele
Sawa, nimesikia. Lakini si hii inaonyesha nilichagua vizuri? GT-1 iko kwa betri na inaingia kwenye miksa. Stima hainihusu tena.

Fundi Mitambo
Kwa upande wako ni kweli. Nyuzi zako na maiki zitakuwa kwenye ardhi moja ya miksa, mradi miksa yenyewe na jenereta ziko sawa. Hatari imehamia kwa mtu wa Eldoret.

Nyar Ahero
Na ndiyo sababu ninakuuliza, kaka, bila ukali: huyo mnunuzi anajua ni ya volti 100? Anajua inauma? Akiichomeka moja kwa moja kwa 240 ataiunguza. Akiichomeka kwa transfoma yako bila kujua, atagusa maiki mbele ya watoto wake. Pesa yake nusu iko kwako.

Solo wa Kondele
Anajua ya transfoma. Ya kuuma sikumwambia. Niliogopa atarudi nyuma, na GT-1 nimeinunua kwa pesa yake.

Mzee Zilipendwa
Sasa hapo nimekuamini, mwanangu. Anayetunga hadithi hujiweka pazuri. Mpigie simu leo. Tulimpoteza mpiga ngoma wetu kwa stima, kwa hafla ya harambee, mvua imetoka kunyesha na mahema bado yanadondosha. Alikuwa anasogeza stendi ya maiki tu. Sijalisimulia hili mahali pengi.

Boda Busia
Pole sana mzee.

Shahidi
Mimi naondoa neno langu la tangazo. Lakini uliuliza pedali ilhali unajua ampu inauma. Mtu akija hapa na uzi kama huu aanze na hilo.

Solo wa Kondele
Nimempigia. Amenyamaza kidogo, halafu akasema bado anaitaka, ila fundi aifungue kwanza na gharama itoke kwa bei. Nimekubali. Haiendi Ijumaa. Kijana pia nimemwambia. Amekasirika kwa sababu ya kuuzwa kwa ampu kuliko ya stima, akaniuliza sasa atapigia hewani. Jumamosi tuna matanga upande wa Ugunja, na sina la kumjibu.

Nyar Ahero
Muingie wote kwenye miksa. Mwenye spika za kukodi muombe atoe ya tatu, ndogo, muilaze kati yenu iwaangalie nyinyi. Akikataa, gawaneni gharama ninyi wawili. Kijana hana pedali, kwa hivyo boksi la DI mpe yeye: gitaa likiingia kwenye miksa bila DI linapoteza makali yote ya juu. Wewe GT-1 inajitosha.

Solo wa Kondele
Na delei yangu? Ile ya GT-1 nimeijaribu, mimi naipenda yangu.

Kakamega Kaskazini
Beba. Weka betri mpya ya volti 9 kama inakubali betri, adapta iache.

Fundi Mitambo
Beba hiyo moja na uishie hapo. Kwenye mipangilio ya GT-1 kuna mahali pa kuchagua unachomeka wapi, ampu au laini. Weka laini, la sivyo sauti itatoka kama redio mbovu. Betri za AA chukua seti mbili. Fika mapema, na kabla mtu yeyote hajagusa maiki, nenda kwa mwenye jenereta umwonyeshe ekstensheni mtakayotumia. Kama soketi haina tundu la ardhi linalofanya kazi, msiwashe mpaka ibadilishwe, hata kama wenye matanga wanawaharakisha.