Zabbix au Prometheus kwa kufuatilia mzigo wa klasta ya Cassandra yenye nodi sita?

Mizani_Kongwa
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Hapa Dodoma ninasimamia kanzidata ya Cassandra yenye nodi sita (yaani seva sita zinazogawana data kama klasta moja), ambayo huhifadhi kila rekodi katika nakala tatu na hupokea uzito na malipo ya mazao kutoka kwenye masoko ya nafaka ya mkoa huu na Singida. Tangu mavuno ya mahindi yaanze, kila asubuhi nodi tatu hulemewa hadi maombi yakakatika, ilhali tatu nyingine zimetulia. Nikiendesha nodetool status, amri ya Cassandra inayoonyesha hali ya nodi, safu ya Load inakaribia kulingana kwenye nodi zote. Tayari tunayo Zabbix ya kufuatilia seva na vifaa vya mtandao, na wenzangu wanapendekeza chombo kingine cha kukusanya vipimo, Prometheus, pamoja na Grafana ya kuchora michoro yake. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozitumia zote mbili.

Seva_Makole
Ndugu yangu, kwanza tuondoe suala la Load, kwa sababu limewapotosha wengi. Safu hiyo haipimi kazi inayofanywa na nodi, bali inaeleza ukubwa wa data iliyomo kwenye diski yake. Nodi mbili zinaweza kubeba data inayolingana, huku moja ikipokea maombi mengi mno kuliko mwenzake. Endesha nodetool tpstats kwenye kila nodi uone foleni za kusoma na kuandika pamoja na idadi ya jumbe zilizotupwa, kisha tablehistograms ili uone muda wa majibu. Chombo chochote utakachochagua kitachota namba hizi hizi kupitia JMX, njia ambayo programu za Java kama Cassandra hutoa vipimo vyake, kwa hiyo zifahamu kwanza.

Zabibu_Hombolo
Mimi natetea Zabbix, hasa kwa kuwa mnayo tayari. Hutunza vipimo katika MySQL au PostgreSQL, ambazo mafundi wetu wengi wanazijua, na arifa zake zimo ndani yake bila kuongeza programu nyingine. Ajenti yake, yaani programu ndogo inayokaa kwenye seva inayofuatiliwa, ikiwekwa katika hali ya kutuma yenyewe, hutunza vipimo kwa muda mtandao unapokatika na kuvituma unaporudi, jambo ambalo kwa vituo vya pembezoni lina thamani kubwa. Hata hivyo nakiri kwamba kwa vipimo vya JMX utahitaji lango lake la Java, ambalo halina akiba hiyo, na kwamba kulinganisha nodi sita kwenye mchoro mmoja ni kazi ya kuchosha.

Data_Kizota
Namheshimu ndugu wa Hombolo, lakini kwa tatizo lililoelezwa hapa nitachagua Prometheus. Swali la Mizani_Kongwa si kama seva iko hai, bali ni jinsi kazi inavyogawanyika kati ya nodi, na lugha ya maswali ya Prometheus hujibu hilo kwa mstari mmoja: nodi ipi inapokea maombi mengi, na imewazidi wenzake mara ngapi.

Nina maonyo matatu yaliyotokana na makosa ya timu niliyofanya nayo kazi. La kwanza, usitegemee wastani. Wastani wa milisekunde kumi na nne unaweza kuficha ombi moja katika kila mia linalongoja sekunde nzima, na mwenye mizani anayengojeshwa ndiye anayekupigia simu. Vilevile, kiwango cha asilimia 99 cha kila nodi (muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi) hakiwezi kujumlishwa na kugawanywa kwa sita ukakiita cha klasta nzima, kwa hiyo zitazame nodi mojamoja. La pili, usichote vipimo vya kila jedwali, maana uchotaji wenyewe utakuwa mzigo kwa nodi iliyolemewa. La tatu, usiiweke Prometheus kwenye nodi ya klasta, kwani zitagombania diski wakati ule ule unapohitaji taarifa. Kumbuka pia kwamba, usipoibadilisha, hutunza vipimo kwa siku 15 tu, na hivyo hutaweza kulinganisha msimu huu na ujao.

Seva_Makole
Nakubali, ila hakuna kati ya hizo mbili itakayokutajia fungu la data, yaani rekodi zenye ufunguo mmoja zinazokaa pamoja, linaloshambuliwa. Kwa hilo endesha nodetool toppartitions kwa sekunde chache wakati wa msongamano.

Mizani_Kongwa
Nawashukuru sana. Leo saa tatu asubuhi nimeendesha toppartitions kwenye nodi mojawapo iliyolemewa, na fungu lililoongoza kwa mbali ni la soko la Kibaigwa. Ufunguo wetu ni jina la soko na tarehe, hivyo mahindi yote ya Kibaigwa ya siku moja huangukia nodi tatu zile zile zenye nakala, na hata ningeongeza nodi ya saba, fungu hilo lisingegawanyika. Tutaingiza namba ya mizani kwenye ufunguo. Zabbix itabaki na seva na umeme, na Prometheus itawekwa kwenye mashine ya pembeni, ikichota kila sekunde 15.

Zabibu_Hombolo
Hapo sina pingamizi. Angalia tu ripoti ya jioni, kama mnayo, kwa sababu sasa itabidi isome mafungu mengi mahali palipokuwa na moja.

Mizani_Kongwa
Kibaigwa tuna mizani nane, hivyo ni maswali manane kwa siku, na ripoti hiyo huendeshwa baada ya soko kufungwa.