Wikendi nzima nyumbani, mvua inanyesha: nailindaje bila kuonekana najitenga? Naomba ushauri

BintiWaKambi (Kireka)

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeona niulize.

Jumamosi iliyopita mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, haikukata mpaka saa tisa mchana. Gauni nilikuwa nimeshalipiga pasi, maana saa nane nilitakiwa mjini kwenye mkutano wa maandalizi ya harusi ya mtoto wa shangazi yangu. Boda hakuna aliyekubali kutoka, na kule bondeni njia ilishakuwa mto. Nikavua viatu, nikabaki. Mume wangu naye alikuwepo. Ni dereva wa malori ya Mombasa, kwa hiyo kumwona nyumbani siku mbili mfululizo ni bahati ya mwezi.

Nitaeleza vitu vidogo vidogo, mnivumilie, maana ndivyo vilivyonifanya niandike.

Nyumba hii nimekaa miaka sita. Sikujua kwamba bati letu lina sauti mbili: upande wa jikoni mvua inapiga kwa ukali, upande wa watoto inanong'ona, kwa sababu tawi la mfenesi wa jirani limelalia pale. Sikujua kwamba mzee wa mlango wa tatu akiamka hukohoa kwanza, halafu huimba. Sikujua kwamba mwanangu mdogo akiona umeme wa radi huanza kuhesabu kwa sauti mpaka ngurumo ifike. Nani kamfundisha? Dada yake. Lini? Sijui, sikuwepo.

Stima ilikuwa imekatika, tukapika katogo ya matoke na maharagwe kwenye sigiri barazani. Tulikula saa tano, hakuna aliyetazama saa.

Halafu binti yangu mkubwa akatoa daftari la Kiswahili. Yuko kidato cha kwanza, na tangu mtaala mpya wa Uganda wa 2020 somo hilo ni la lazima kwao. Nikasema nimsaidie, maana mimi nimezaliwa kambini Jinja, baba alikuwa askari, Kiswahili ndicho nilichoanza nacho. Nikamwambia, "Lete kitabu yangu ile." Akanitazama kwa upole, akasema, "Mama, ni kitabu changu kile." Nikamweleza kwamba kambini tulikuwa watoto wa Kiacholi, Kilugbara, Kisoga na Kiteso, kila mmoja na lugha ya mama yake, na hicho Kiswahili chetu cha "kitu yangu" ndicho kilichotuwezesha kucheza pamoja. Hakuwahi kuyasikia hayo. Tulikaa saa mbili nzima. Aliandika nyuma ya daftari maneno ya babu yake ambaye hakumkuta.

Jioni, mvua imetulia na stima imerudi, kumbikumbi wakatoka. Mume akaweka beseni la maji chini ya taa ya barazani, watoto wakawa wanakimbia kama wamechanganyikiwa. Tukawakaanga bila mafuta, mafuta wanayo wenyewe, chumvi kidogo tu. Jumapili jua liliwaka, njia ilikauka, ningeweza kutoka. Sikutoka.

Jumatatu ukaja ujumbe kutoka kwa shangazi: "Siku hizi umejitenga." Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo.

Nikachukua kalenda nikahesabu. Tangu Januari zimepita wikendi 14. Mikutano ya harusi imekula sita, kwanjula (sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi) mbili, mazishi matatu, siku ya kutembelea wanafunzi shuleni moja. Nyumbani nimekuwa mbili, na mojawapo ni hii ya mvua. Sitaki kuwakimbia watu wangu. Baba alipofariki, watu hao hao ndio walionibeba. Lakini watoto wangu nao wanakua siku za Jumamosi nikiwa kwenye viti vya plastiki mjini. Nifanyeje?

Mutuba_Masaka

Nnyabo, pole na kazi. Mimi ni mtu mzima, nitasema moja tu. Harusi na msiba usivitie kapu moja. Sisi Baganda tuna mabugo. Leo ni pesa, lakini asili yake ni vitambaa vya gome la mti wa mutuba: kila ndugu na rafiki alileta chake cha kumfunikia marehemu. Siku hizi hata mabugo yanatumwa kwa simu, na si vibaya mtu akiwa mbali. Lakini kule kukaa kwenye nyasi na mfiwa usiku hakuna simu inayoweza kukutuma. Mazishi usikose. Mikutano ya harusi, mwanangu, ichague.

Hajati_Bombo

Dada, nakuonea huruma, na shangazi yako pia namwelewa. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi mara nne, nikwambie yanavyokwenda kule ndani. Mtu akikosa mkutano, jina lake linasomwa kwa sababu ya ahadi ambayo hajalipa. Aliyelipa yote mapema hakuna anayemuulizia. Wanasema, "Huyo kamaliza, mwacheni." Kwa hiyo ahadi yako itaje katika mkutano wa kwanza kabisa, kiasi unachokiweza kweli, usishindane na mtu, kisha lipa mara moja. Baada ya hapo una haki ya kusema "tutaonana siku ya harusi".

La pili, usijibu ujumbe wa shangazi kwa ujumbe. Nenda kwake. Nenda siku ya kazi jioni, siku ambayo hana shughuli na hakutegemei, na sukari yako mkononi. Shangazi aliyetembelewa Jumatano hawezi kukuita mtu wa kujitenga Jumamosi.

La tatu, mumeo akirudi safari, hiyo ndiyo wikendi yako. Itangaze kabla. Usingoje mvua ikuombee ruhusa.

Wanale_Mbale

Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia, na naomba usichukie. Nilikuwa kama wewe. Nilichoka, nikaanza kukata mikutano, nikakata kwanjula, nikatuma pesa kila mahali na kila mtu alishukuru. Miaka mitatu hivyo. Mama yangu alipofariki, pesa zilikuja nyingi kwenye simu, nikazipokea. Lakini usiku wa kukesha tulikuwa wachache sana, majirani wa mama na sisi watoto. Hakuna aliyenikosea, walinirudishia nilichowapa. Ndiyo maana nasema, punguza, lakini usibadilishe uso wako kuwa pesa. Ukikosa mikutano mitano, wa sita fika, hata kama ni nusu saa, usalimie wote kwa mkono.

Mlinzi_wa_Geti

Mkutano wa harusi mtu asipofika anafuatilia kwenye kundi la WhatsApp. Usijisumbue dada.

Mama_Nakato_Ulaya

Nimesoma nikalia kidogo. Niko London mwaka wa tisa. Huku sasa ni majira ya kuchipua, miti iliyokuwa mikavu kama kuni imetoa maua kabla ya majani, na jua linazama karibu saa mbili usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zilisogezwa mbele, kwa hiyo tofauti yetu na Kampala ni saa mbili badala ya tatu, na mimi naifurahia hiyo saa moja kwa sababu naweza kumpigia mama nikitoka kazini kabla hajalala. Huku wikendi ni zako zote. Hakuna anayekuita. Nimekaa wikendi nzima nikisafisha madirisha na kutazama maua ya watu, na simu haikulia hata mara moja. Huyo shangazi anayekuandikia "umejitenga" ameona pengo lako. Mshike. Lakini pia hayo mambo ya bati lenye sauti mbili yaandike mahali, binti yako atakuja kuyatafuta akiwa mbali kama mimi.

Mwalimu_wa_Ngeli

Nafundisha Kiswahili sekondari, nitagusia hilo la "kitabu yangu" tu, mengine wamesema wakubwa. Kwenye mtihani binti aandike "changu". Lakini asikione Kiswahili chako kuwa ni makosa ya mtu asiyejua. Kiswahili kilitumika jeshini humu nchini tangu enzi za King's African Rifles, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, na kimelea familia nyingi ambazo hazikuwa na lugha nyingine ya pamoja. Yale maneno ya babu yaliyoandikwa nyuma ya daftari, mwambie ayalete darasani. Mimi ningempa kipindi kizima asimame asome.

BintiWaKambi (Kireka)

Nawashukuru sana, na Wanale pole kwa mama. Maneno yako nimeyasoma mara tatu na nimemsomea mume kwa simu akiwa Malaba kwenye foleni.

Jumatano nilitoka kazini nikapitia kwa shangazi, na sukari kilo mbili na mkate. Hakutegemea. Mwanzo alinijibu kwa mkato, akaendelea kuchambua mchele. Nikampa ahadi yangu yote ya harusi, nikamwambia kwamba baba watoto akirudi safari nitakuwa nyumbani, na kwamba siku ya harusi nitafika asubuhi kupika, sitakuja kama mgeni. Akanyamaza. Nikamweleza siku yetu ya mvua ilivyokuwa, katogo, daftari, beseni. Nilipofika kwenye kumbikumbi akauliza, "Mliwamaliza wote?" Nilikuwa nimembebea kikombe kimoja kwenye mkoba. Alikula kimya kimya, akaniambia marehemu baba yangu alipokuwa mdogo alikuwa akipiga ngoma juu ya kichuguu kwa vijiti ili watoke. Hilo nalo limeingia kwenye daftari la binti.

Jumamosi hii kuna msiba Iganga, naenda na nitalala huko. Ile inayofuata mume anarudi, sitoki.

Swali dogo la mwisho: kumbikumbi waliobaki wamelegea siku ya tatu, wanafanywaje wakae?

Hajati_Bombo

Hukuwaanika vya kutosha, dada. Watandaze juani wakauke kabisa mpaka ukimvunja mmoja alie "tak", peta mabawa yaliyobaki, kisha warudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Watie kwenye chombo cha mfuniko wakishapoa, si kabla. Na Iganga uchukue shuka nzito, usiku huu wa masika una baridi.