Ukuta wa chumba una joto hadi usiku: tufanyeje bila kiyoyozi?

Swali

Habari zenu ndugu. Ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye umri umekwenda, katika nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati. Mchana kutwa tunaacha madirisha wazi, na usiku tunawasha feni, lakini hata jua likiwa limeshatua zamani chumba chake kinafukuta na feni inampulizia hewa ya moto. Jana saa nne usiku niliweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, ambako ndiko kitanda chake kilikoegemea, nikaukuta una joto kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa nusu saa iliyopita, ilhali ukuta wa mashariki ulikuwa umepoa. Kiyoyozi hatukimudu. Mama halali, nami sina raha.

Jibu la kwanza

Pole sana, na umefanya vyema kuugusa ukuta, maana umekwisha kukuonyesha kiini cha tatizo. Tofali hupokea joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo jua la alasiri ndilo linalomfikia mama kitandani usiku. Lizuieni kabla halijagusa ukuta wala kioo: tundikeni turubai au mkeka upande wa nje, mkiacha nafasi ya kiganja kimoja ili hewa ipande kati yake na ukuta. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa kuwa jua likishavuka kioo joto limeshaingia. Bati nalo likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale. Madirisha yafungeni mchana, myafungue usiku.

Jibu la pili

Naunga mkono hoja ya kivuli cha nje, ila kuhusu madirisha naomba tutofautiane. Chini ya bati, hasa pasipo na dari, ndani huweza kuwa na joto kuliko nje, na hapo kufunga ni kujitia tanurini. Wekeni kipimajoto kimoja ndani na kingine nje kivulini. Fungueni pale tu nje panapokuwa na nafuu.

Feni haipozi hewa, bali hukausha jasho, na ni kule kukauka kwa jasho kunakouondolea mwili joto. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike joto likifika nyuzi 40 za Selsiasi, kwani hapo huuongezea mwili joto. Usiku nje kukishapoa, igeuzeni feni dirishani itazame nje, ili itoe hewa ya moto huku hewa baridi ikiingia kwa dirisha la upande wa pili. Wengi hutundika shuka mbichi chumbani. Hilo hufaa penye hewa kavu, lakini penye unyevu mwingi huzidisha fukuto.

Jibu la tatu

Mimi nina wasiwasi na mama kuliko ukuta. Wazee huchelewa kuhisi kiu na hutoa jasho kidogo, kwa hiyo mpe maji kidogo kidogo bila kungoja aombe, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi. Mfute shingo, mikono na miguu kwa kitambaa kibichi, kisha umpepee. Akianza kuchanganyikiwa au kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili ukichemka, hiyo ni dharura: mwiteni mhudumu wa afya mara moja, na wakati mnamsubiri mloweshe maji na kumpepea bila kukoma.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Jana tulihamishia kitanda chake ukuta wa mashariki na kutundika turubai nje kabla ya saa saba mchana. Saa nne usiku niligusa tena ukuta wa magharibi, ukawa vuguvugu tu. Mama alilala hadi alfajiri, akaamka mara moja tu kunywa maji. Vipimajoto nitavinunua wiki hii kabla sijaamua juu ya madirisha.