Kikundi cha familia: kompyuta ya dada inawaka inazima

*Dada:* Jamani shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Kompyuta ya dukani imenigomea. Jana feni ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga nikamwambia mdogo wetu aisafishe, kaisafisha vumbi limetoka la kujaza kiganja, sasa leo nikiwasha inakaa kama sekunde kumi inazima, inajiwasha tena inazima. Na humo kuna mitihani ya mwalimu anaifuata saa kumi 😭

*Mjomba:* Marahaba. Hiyo pawasaplai, kile kiboksi cha umeme ndani, imekufa, nunua nyingine

*Kaka Mwanza:* Shikamoo mjomba. Tusinunue kitu kwanza. Dada usiiwashe tena, chomoa waya ukutani, na mitihani usiihofie iko kwenye hadi diski, pale mafaili yanapokaa, haijaguswa. Jana ilikuwa inafanya kazi, kilichoguswa ni feni, tuanzie hapohapo. Mdogo wangu ulipuliza tu au uliitoa?

*Mdogo wetu:* Niliitoa kaka, pamoja na lile pande la alumini chini yake maana mapezi yaliziba kabisa blowa haipiti. Chini kulikuwa na kitu cha kijivu kimekauka kama chokaa nikakifuta afu nikarudishia

*Kaka Mwanza:* Ukapaka kingine?

*Mdogo wetu:* Hapana nilijua uchafu

*Kaka Mwanza:* Ile ndo pesti, inatoa joto kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, inalipeleka kwenye alumini. Vyuma viwili hata ving'ae vipi katikati inabaki hewa, na hewa haipitishi joto vizuri, prosesa ikizidi joto inajizima isiungue. Ila kusafisha ulifanya la maana, usijisikie vibaya. Nipigie picha ile miguu minne ya plastiki inayoshikilia alumini kwenye bodi, kwa karibu

*Mdogo wetu:* 📷

*Kaka Mwanza:* Ona huo wa upande wa RAM, vile vipande virefu vya kumbukumbu, kichwa kimesimama juu kuliko wenzake. Haujaingia, kwa hiyo alumini imeinama upande mmoja

*Mama:* Si mpake dawa ya meno tu wanangu, jirani alifanya ikawaka

*Kaka Mwanza:* Shikamoo mama. Itawaka kweli, ila ile ina maji, ikikauka tunarudi palepale. Pesti inauzwa kwenye kabomba kama sindano, fundi simu yeyote hapo mtaani anayo

*Mdogo wetu:* Nimepata. Nipake kiasi gani

*Kaka Mwanza:* Futa kwanza pande zote mbili kwa spiriti ikauke. Weka tone moja katikati kama punje ya choroko, usisambaze, litajitandaza lenyewe ukikandamiza. Ule mshale juu ya mguu ni upande wa kufungulia, kwa hiyo rudisha vichwa vyote kinyume na mshale, afu bonyeza kwa kona zinazotazamana mpaka kila mmoja ulie TAK. Geuza bodi uangalie kwa nyuma, ncha zote nne ziwe zimetokeza sawa

*Mdogo wetu:* Zimelia zote nne. Nimewasha haizimi!! ila inaandika feni ina hitilafu nibonyeze F1

*Kaka Mwanza:* Usibonyeze, zima. Kawaya ka feni umekachomeka wapi? Tafuta palipoandikwa CPU_FAN

*Mdogo wetu:* Aah nilikachomeka pa feni ya kasha. Nimehamisha

*Dada:* Feni inazunguka kimyaa. Kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya kompyuta, joto linasoma nyuzi 46 na dakika ya kumi hii halijapanda

*Mama:* Alhamdulillah

*Kaka Mwanza:* Siku nyingine ukipuliza, feni ishikilie kwa kidole isizungushwe na blowa, inaharibika

*Dada:* Saa tisa na nusu, karatasi ya kwanza inatoka. Asanteni sana wadogo zangu