Naomba ushauri: ofisi tunaipanga vizuri, haichukui muda inarudi kuwa fujo

Hamjambo wenzangu. Nasimamia ofisi ndogo ya uhasibu hapa Kisumu, karibu na Barabara ya Oginga Odinga. Kupanga tunajua, tena sana. Kudumisha ndiko kunatushinda. Faili zikishawekwa lebo mambo hunyooka, mpaka tarehe 9 ya kulipa PAYE (kodi ya mishahara) na tarehe 20 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) zikaribie. Hapo kila mtu anachomoa risiti anayoitaka na hakuna anayerudisha. Ukiingia utadhani ni soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Kutupa ovyo hatuwezi, maana sheria inataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe miaka 5. Tumejaribu 5S, mbinu ya Wajapani ya hatua tano za kupanga mahali pa kazi: kuchambua, kupanga, kusafisha, kusanifisha, hizo zinaingia. Ya tano, nidhamu ya kuendelea, ndiyo hatuiwezi. Mdosi sasa anataka faini kwa anayeacha faili mezani. Mimi naona italeta chuki tu, na watu wataanza kuzificha kwenye droo.

Mliofaulu, mlifanyaje? Mnapanga kila jioni kabla ya kufunga, ama kuna zamu? Na skana inapunguza makaratasi kweli, ama inahamishia fujo kwenye kompyuta?