Tupeane uzoefu: bundi wa mashamba makavu na miombo, kwenu anakaa wapi?

Ndugu wanajamii, naomba kila mmoja aeleze mahali alipomkuta bundi akilala, akitaga au akiwinda katika nchi kavu, kwa maana inanisikitisha kuona mazungumzo yote juu ya ndege huyu yakiishia kwenye uchuro. Nianze mimi. Shambani kwetu Kongwa upo mbuyu wenye uwazi tumboni, na tangu utoto wangu bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo hutoka humo giza likiingia, akapita chini chini juu ya mtama na alizeti bila bawa lake kusikika. Chini ya mbuyu huo mimi huokota vitonge vya manyoya na mifupa anavyovitapika, na katika kimoja nilihesabu mafuvu manne ya panya. Mkulima yeyote wa mahindi anamjua panya shamba anayefukua mbegu usiku uleule zilipopandwa, na ambaye jike lake huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Kinachoniuma ni sumu ya panya: panya aliyeila hulegea na kutangatanga kabla ya kufa, na huyo ndiye bundi humkamata kwa urahisi. Mwaka mmoja, jirani alipoweka sumu ghalani, niliokota bundi wawili chini ya mbuyu ndani ya juma moja.

Mchangiaji wa Urambo, Tabora
Kwetu kwenye miombo ninayemwona zaidi ni yule mdogo mwenye madoa meupe, ambaye huwinda hata mchana na ana mabaka mawili kisogoni yanayofanana na macho. Hatoboi mti mwenyewe, bali hutaga katika tundu lililoachwa na kigogota, kwa hiyo pasipo miti mikubwa iliyozeeka hapati nyumba. Vilevile hupenda mahali penye majani mafupi, anapoweza kumwona panzi au mjusi kutoka kwenye tawi. Miti iliyokatwa kwa kukaushia tumbaku ilipokwisha upande wa magharibi wa kijiji, sauti yake ya mbinja inayopanda polepole ilitoweka upande huo, ilhali upande wa mizinga ya nyuki, ambako wazee walikataza kukata, tunaisikia hadi leo.

Mchangiaji wa Kitui, Kenya
Huku mashamba ni ya mbaazi na pojo, na bundi mkubwa wa kijivu mwenye kope za rangi ya waridi hafuati mashamba hayo; hufuata migunga mirefu iliyo kando ya mto wa mchanga. Hutumia viota vikuukuu vya ndege wengine wakubwa, hata paa la kiota cha msingwe. Chini ya mgunga mmoja nilikuta ngozi ya kalunguyeye imevuliwa, miiba ikiwa imebaki mizima, na ndipo marehemu babu aliponionyesha mwenye kuila nyama yake amesimama juu yetu.

Mchangiaji wa Singida
Mimi nitasema kwa kifupi: kwenye mawe yetu makubwa bundi mwenye pembe za manyoya hutaga juu ya ardhi tupu, chini ya jabali, bila kiota chochote. Wachunga mbuzi wanajua mahali, na mimi huwasihi wapitishe mifugo mbali.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Ndugu wa Urambo, maelezo yako yamenifanya nilitazame upya shamba langu, maana nilidhani mbuyu mmoja unatosha. Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu masanduku ya kutundikia bundi ili atage humo: Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimemchunguza panya shamba kwa miaka mingi, masanduku ya bundi na nguzo za kutulia yamewahi kujaribiwa kwenye mashamba ya mahindi. Bundi peke yake hawezi kuzuia mlipuko wa panya baada ya mvua nyingi, na tusimtwike mzigo huo. Mimi nimesimika nguzo mbili katikati ya alizeti, mbali na mbuyu, na asubuhi ya leo chini ya mojawapo palikuwa na kitonge kibichi.