Wana wa Mungu katika Mwanzo 6: malaika au uzao wa Sethi?

Mwalimu wa Jumapili: Wadau, Mwanzo 6 inasema wana wa Mungu waliwaona binti za wanadamu kuwa wazuri, wakajitwalia wake, na Wanefili, yaani majitu, walikuwako siku zile. Wengi tumefundishwa kwamba ni uzao wa Sethi, mwana wa Adamu, uliooa uzao wa Kaini. Lakini kitabu cha Henoko, maandiko ya kale ya Kiyahudi yasiyomo katika Biblia zetu, kinasema malaika 200 walishuka mlima Hermoni wakaapizana. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, naye kaandika malaika. Yustino na Tertuliano, waandishi Wakristo wa karne za kwanza, vilevile. Habari ya Sethi tunaikuta kwa Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, kisha Askofu Agostino akaikazia. Kwa nini tunaihubiri kana kwamba ni ya mitume?

Ngome Imara: Malaika hawaoi. Mathayo 22:30. Mjadala umefungwa.

Kijana wa Mwanza: Haujafungwa, mkuu. Yesu kasema malaika walioko mbinguni. Hawa walishuka! Soma Waraka wa Yuda, aya ya 6, malaika walioyaacha makao yao, halafu aya ya 14 anamnukuu Henoko kwa jina. Ndiyo maana Tertuliano aliwataka wanawake wajifunike, kwa 1 Wakorintho 11:10, "kwa ajili ya malaika". Siku hizi dada zetu wanaingia ibadani vichwa wazi na hakuna anayekemea.

Mama Neema: Malaika watamani wenyewe, washuke wenyewe, halafu mtandio nivae mimi? Huyo Tertuliano ndiye aliyemwita mwanamke lango la shetani. Na hicho Henoko nimekisoma: Azazeli alifundisha kutengeneza panga, visu na ngao kwanza, ndipo bangili na wanja. Wanja mnauhubiri kila mwaka. Panga sijawahi kusikia.

Ngome Imara: Dada, heshimu mababa wa Kanisa.

Mama Neema: Baba gani? Mwishoni si alihamia kwa Wamontano, kundi ambalo kanisa lililikataa? Usinifunge mdomo kwa mtu ambaye kanisa lenyewe halikumtangaza mtakatifu.

Kijana wa Mwanza: Mama, sikukulenga wewe. Lakini mtandio ni andiko la Paulo, si la Tertuliano.

Msomi wa Pwani: Turudi kwenye mada jamani. Mwalimu amewaweka Wayahudi kapu moja, si kweli. Rabi Shimoni bin Yohai, karne ya 2, aliwalaani watu waliosema hao wa Mwanzo 6 ni "wana wa Mungu". Kwake ni wana wa waamuzi. Na Trifo, yule Myahudi anayebishana na Yustino, alimwambia kusema malaika walitenda dhambi ni kufuru. Tena Henoko si cha kubeza: vipande vyake vya Kiaramu vimepatikana Qumran, kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, na Waorthodoksi wa Ethiopia wanacho kwenye Biblia yao mpaka leo.

Mwalimu wa Jumapili: Sawa, marabi waligeuka. Lakini Henoko ni wa kabla ya Kristo, marabi hao ni wa baada. Yuda alikuwa anasoma kipi? Hilo ndilo swali langu na hakuna aliyeligusa.

Ngome Imara: Kunukuu si kukubali kitabu kizima. Paulo alinukuu hata washairi wa Kiyunani.

Mama Neema: Na Paulo huyohuyo, aya ya 5 ya sura hiyohiyo ya mtandio, 1 Wakorintho 11, anamtaja mwanamke anaposali au kuhutubu. Kuhutubu, ndugu zangu, mbele ya kusanyiko. Nitavaa mtandio Jumapili hii, mkinipa mimbari. Kijana wa Mwanza, unakubali au hukubali?